Nambari Isiyofunikwa na Rangi: Jinsi VC10 za East African Airways Zinavyofuatiliwa

Anayenunua gari la mtumba hapa Eldoret haridhiki na bamba la nambari. Bamba hung'olewa kwa bisibisi, dakika mbili tu. Mnunuzi anayejua kazi yake hufungua boneti, akapangusa vumbi kwa kitambaa, akasoma nambari ya chasisi na kuilinganisha na ile ya kwenye logibuku. Zikihitilafiana hata tarakimu moja, hatoi pesa.

Ndege kuukuu nazo hufuatiliwa hivyo hivyo. Nimelifikiria sana jambo hili tangu mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi mstaafu aliyefanya kazi uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, ujanani, aniwekee mezani kibao cha alumini chenye urefu wa kidole. Pembe zake zilikuwa na matundu manne ya ribiti. "Kijana, hiki kimetoka kwenye VC10," alisema. "Nitafutie ilikuwa ipi." Nikamwambia, "Mzee, nipe muda." Muda wenyewe umekuwa mrefu, na njia niliyopitia ndiyo ninayoieleza hapa.

East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano. Ya kwanza iliwasili mwaka 1966 na ya tano mwaka 1970. Zote zilitengenezwa Weybridge, Uingereza. Shirika lilimilikiwa na nchi tatu, kwa hiyo herufi za usajili ziligawanywa: 5X-UVA na 5X-UVJ zilikuwa za Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, na 5Y-ADA ya Kenya. Wazee waliozihudumia wanazikumbuka kwa herufi hizo. Lakini herufi hupakwa kwa rangi, na ndege ikibadili mwenyewe, rangi hukwanguliwa. Nambari ya kiwandani haibadiliki. Kwa hizi tano ni 881 hadi 885, na zinafuatana kama nilivyokuwa nikitamani kila jalada lifuatane: 881 ni 5X-UVA, 882 ni 5H-MMT, 883 ni 5Y-ADA, 884 ni 5X-UVJ, na 885 ni 5H-MOG. Hiyo 885 ndiyo iliyofunga hesabu. Dunia nzima zilitengenezwa VC10 54, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilibeba herufi za Tanzania.

Ndege hii iliumbwa kwa ajili ya viwanja kama vyetu. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hapa Eldoret njia ya kurukia iko juu zaidi, kama mita 2,100. Kwenye mwinuko wa namna hiyo, tena jua likiwa kali, hewa huwa nyepesi: injini hupungukiwa na nguvu, na bawa hupungukiwa na cha kukanyagia. Wahandisi wa VC10 walizipeleka injini nne za Rolls-Royce Conway mkiani ili bawa libaki tupu, halafu wakatandaza vibawa vya kuongeza mnyanyuo karibu urefu wote wa bawa. Kiwanja chetu kilifunguliwa mwaka 1997, miaka 20 baada ya shirika kufa. Naona uchungu kila nikiliwaza hilo, kwa kuwa ndege iliyotufaa kuliko zote haikuwahi kukutana na njia hiyo ikiwa na simba, nembo ya shirika letu.

Ukianza kufuatilia nambari hizo tano, ya kwanza inakusimamisha mapema. Ndege 881 iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, ikiwa safarini kutoka Nairobi kwenda London. Ilipokuwa ikikimbia ili iruke, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki kilichokuwa kimedondoka kutoka ndege nyingine. Tairi likapasuka, rubani akaamua kusimamisha ndege, lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Uchunguzi ulibaini kwamba sehemu moja ya mfumo wa breki ilikuwa imerudishwa visivyo baada ya kufunguliwa. Ndege ikavuka mwisho wa njia, ikaporomoka na kushika moto. Kati ya watu 107 waliokuwemo, 43 walifariki. Nalileta jambo hili kwenye safu ya vipuri kwa makusudi. Anayeuliza kwa nini mtu mzima ahangaikie historia ya kipande kimoja cha chuma, jibu liko Addis: kipande kimoja kilichopotea mahali pake na kingine kilichofungwa vibaya vilitosha.

Zilizobaki ni nne. Shirika lilipovunjika mapema mwaka 1977, zilirudi kwa watengenezaji Uingereza, na baadaye zikanunuliwa na Jeshi la Anga la nchi hiyo ili zigeuzwe kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Hapa ndipo wafuatiliaji wengi hupotea, maana herufi zetu zinakoma na nyingine zinaanza: 882 ikawa ZA147, 883 ikawa ZA148, 884 ikawa ZA149, 885 ikawa ZA150. Simba akafunikwa kwa rangi ya kahawia hafifu, baadaye kijivu. Asiyeijua nambari ya kiwandani ataitazama ndege ya kijeshi ya Uingereza bila kutambua kwamba anatazama mali ya zamani ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo kuna alama moja ambayo rangi haikuweza kuificha, nayo ni mlango. East African Airways iliagiza ndege zake ziwe na mlango mpana wa mizigo ubavuni kushoto, sehemu ya mbele, ili ziweze kubeba shehena pamoja na abiria. Uamuzi huo wa kibiashara wa miaka ya 1960 uliwafaa mafundi wa Filton, Bristol, walipopewa kazi ya kuzigeuza. Kila ndege ilipaswa kuingizwa matangi matano makubwa ya mafuta ndani ya chumba walimokaa abiria. VC10 nyingine tano, zilizotoka Gulf Air, hazikuwa na mlango huo. Ikabidi paa la bodi likatwe, matangi yashushwe kwa juu, kisha paa lifungwe tena. Za kwetu matangi yalipitia mlangoni. Kwa hiyo ukipewa picha ya VC10 ya kujazia mafuta na huna jalada lolote mkononi, anza kwa kutafuta michirizi ya mlango ule. Jeshi liliziweka katika kundi lake la K3, na kundi hilo zima ni hizi nne zetu.

Mwisho wa ndege hizi ulikuja mwaka 2013. ZA148, yaani 5Y-ADA ya Kenya, ilitua Newquay mwezi Agosti ili ihifadhiwe. ZA150, ile ya mwisho kutengenezwa, iliruka hadi Dunsfold tarehe 24 Septemba na kukabidhiwa Makumbusho ya Brooklands. Siku iliyofuata, ZA147 iliruka kwenda Bruntingthorpe, na hiyo ikawa safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote. ZA149, 5X-UVJ ya Uganda, ilikuwa imeshafika huko huko Bruntingthorpe, na ikavunjwavunjwa.



Sasa vipuri vyenyewe. Wengi hudhani kwamba ndege ikishatambuliwa, kila kilichomo ni chake. Sivyo. Mwaka 1981 jeshi lilinunua Super VC10 14 kutoka British Airways. Tano kati yake ziligeuzwa baadaye kuwa za kujazia mafuta, na nyingine zikawa ghala la spea. Pampu iliyozaliwa kwenye mojawapo ya ndege hizo za British Airways ingeweza kufungwa kwenye ZA149, na iliyosafiri Nairobi kwa miaka kumi ingeweza kufia kwenye ndege ambayo haijawahi kuiona ikweta. Tena piga hesabu ya miaka: 885 ilitumikia Afrika Mashariki miaka saba, na jeshi zaidi ya robo karne. Bodi ni yetu. Vilivyofungwa juu yake, vingi si vya enzi yetu.

Ndiyo sababu kila kipuri husomwa peke yake. Bati la bawa la VC10 lina dalili yake: wahandisi hawakuridhika na kupachika mbavu kwa ribiti juu ya bati jembamba, walichukua ubao mnene wa aloi wakaukereza, mbavu zikabaki sehemu ya bati lenyewe. Ukipitisha kidole, hakuna mwanya kati ya ubavu na bati. Lakini hiyo inakwambia aina ya ndege tu, haikwambii ni ndege gani.

Kibao kinasema zaidi. Nilikisafisha kibao cha mzee kwa mswaki na maji ya sabuni, nikakiinamisha dirishani ili mwanga wa jua uingie kwenye michoro kwa upande. Safu ya kwanza ilikuwa nambari ya aina ya kipuri, ya pili nambari ya kipuri chenyewe. Chini yake kulikuwa na tarakimu zimepangwa kwa mistari, na saba za mwanzo zilikuwa zimegongwa kwa patasi ndogo hadi zikafutika. Huo ni utaratibu wa Waingereza: kila kipuri kinapofanyiwa marekebisho yaliyoagizwa na mtengenezaji, fundi hugonga nambari ya rekebisho hilo. Kipuri hiki kilirekebishwa mara saba, na fundi wa rekebisho la tano mkono wake ulitetemeka kidogo.

Niliangalia pia kisichokuwepo. Spea zilizoingia ghala za majeshi ya NATO hupewa nambari ya tarakimu 13, na zile zilizosajiliwa Uingereza huwa na 99 mara baada ya tarakimu nne za mwanzo. Kibao cha mzee hakina nambari hiyo. Haithibitishi kwamba kiling'olewa kabla ya 1977, maana si kila kibao kiligongwa upya. Ila inaendana na maneno ya mzee, na hakuna kilichoandikwa juu yake kinachoyapinga.

Kinachokosekana ni kadi. Kila kipuri chenye muda maalumu wa kutumika kilikuwa na kadi yake, iliyoandikwa saa za kuruka, ndege kilimofungwa, na siku kilipotolewa. Kadi ya kibao hiki ingekuwa imeandikwa Embakasi. Bila kadi, nambari ya kipuri ni kama jina la mtu bila la baba yake.

Nilirudi kwa mzee nikamweleza yote hayo. Hakunung'unika. Aliomba daftari langu na kalamu, akanakili nambari zote mbili taratibu, akilinganisha kila tarakimu na kibao. Chini yake akaandika kwa mkono wake: Embakasi, hangari, upande wa kushoto, nyuma ya gurudumu kuu. Akaandika na mwaka. Kisha akachora mstari mfupi wa herufi tano za usajili, akaushikilia kwa ncha ya kalamu kwa kitambo, akauacha wazi.

"Hizo nitazikumbuka," alisema. "Niachie daftari."