Lettow-Vorbeck na hesabu ya risasi

Wengi wakimtaja Paul von Lettow-Vorbeck humsifu kwa ujanja wa porini. Ujanja alikuwa nao, lakini vita vyake vya Afrika Mashariki vinaeleweka zaidi ukianzia stoo. Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali, kuongoza jeshi la koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti alikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani mia mbili na ushei, na kampuni zake nyingi zilishika bunduki za mtindo wa 1871. Bunduki hizo zilitumia baruti nyeusi: askari akifyatua mara moja, wingu la moshi linamtangaza alipojificha. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, na kwa miaka yote minne ni meli mbili tu za shehena zilizofanikiwa kupenya.

Silaha bora aliletewa na adui. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Lettow aliwateremsha watu wake kwa treni kutoka Moshi, kampuni baada ya kampuni, hata wakafika elfu moja hivi. Simulizi za siku ile huwapa sifa nyingi nyuki waliowashambulia Waingereza. Mimi sifa naipa reli. Waingereza walirudi melini wakaacha nyuma mamia ya bunduki, bombomu kadhaa, na risasi zaidi ya nusu milioni.

Januari 1915 alishinda tena, Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, na ushindi huo ulimtisha kuliko kushindwa. Risasi 200,000 ziliteketea na maofisa kadhaa wakafa. Akapiga hesabu: mapigano ya namna ile angeyamudu mara tatu tu zaidi. Kuanzia hapo alituma vikosi vidogo kulipua reli ya Uganda kwa baruti, kazi isiyokula risasi. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoangamia Rufiji mwezi Julai, mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu Dar es Salaam, kisha ikaburutwa bara. Kwinini ilitengenezwa Amani, Usambara. Baadaye porini watu walichemsha magome ya mkwinini wakanywa uchungu wake hivyohivyo.

Kilichobeba haya yote ni vichwa na mabega ya watu, maana mbung'o waliua ng'ombe na farasi. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za unga, anayekula kilo moja kwa siku. Baada ya siku 25 ameumaliza mwenyewe, na askari aliye mbele hajapata hata kibaba. Kwa hiyo jeshi lililokaa mbali na reli halikuweza kulishwa kutoka nyuma; lilikula ghala za vijiji lilivyopita, na wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. Njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo ilikuwa na mkono wa majeshi yote mawili. Vitabu vinavyomsifu jenerali kwa kuishi bila msaada wa Berlin hulipita jambo hili haraka mno.

Oktoba 1917, Mahiwa, kusini-magharibi mwa Lindi, alisimama akapigana siku nne. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, yeye karibu 500, na Berlin ikampa umeja jenerali. Lakini risasi zake zisizotoa moshi zilikuwa karibu kwisha. Aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akachuja jeshi likabaki na askari 1,700 hivi, na tarehe 25 Novemba akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, koloni la Wareno. Siku hiyohiyo aliivamia kambi ya Wareno ya Ngomano, akatoka na bunduki, risasi na chakula. Julai 1918 alifanya hivyo tena Namacurra.

Habari za kusimamishwa kwa vita zilimkuta Rhodesia ya Kaskazini. Aliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168. Alikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, ambazo 30 kati yake zilikuwa za Waingereza, na bunduki 1,071 za Waingereza na Wareno. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwamo hata moja.