Megapikseli nyingi, sura haionekani

Boksi la kamera ya ulinzi ya nyumbani hukuimbia megapikseli. Sawa, lakini megapikseli ni idadi ya vidoti kwenye kihisi tu. Hazikuambii lenzi inaona vizuri umbali gani. Kamera nyingi za bei nafuu hupangwa fokasi mara moja kiwandani, lenzi ikatiwa gundi, basi. Mtu akisimama nusu mita mlangoni, sura yake ni ukungu.

Mtandaoni utaambiwa: fungua kamera, bandua gundi, zungusha lenzi mpaka picha itulie. Ushauri si mbaya, ila umeacha nusu ya somo. Hebu tupige hesabu. Lenzi ya milimita 4 inayoona vizuri mbali kabisa, ili ione vizuri nusu mita, inasogea mbele kama milimita 0.032 tu! Lenzi ndogo za M12 husogea milimita 0.5 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo unahitaji takriban nyuzi 23. Ukizungusha robo mzunguko, umeshapitiliza: sasa inaona vizuri kitu kilicho sentimita 13.

Na ukipata karibu, unapoteza mbali. Mwizi wa getini atabaki kivuli. Kamera ya nje nayo, mpira wa kuzuia maji usipokaa sawasawa, mvua itaingia.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, weka gazeti mita 1, 3 na 6, uone vichwa vya habari vinasomeka wapi. Lakini namba hiyo ilipaswa kuandikwa kwenye boksi, bwana.