Mizani ya Kupimia Ngoma za Kihindi: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Kitale na Bungoma

Pamoja na reli iliyofika Kitale mwaka 1926, na njia kuu iliyokatiza Bungoma kwenda Uganda, walifuata mafundi wa Kipunjabi na wafanyabiashara wa Kigujarati ambao, fauka ya bidhaa walizozipanga katika maduka yao, walikuwa na hazina nyingine isiyouzwa kwa pishi wala kwa ratili: tabla, vinanda, njuga, na ngoma walizozirithi kwa wazee wao. Wazao wao, waliotambuliwa na Serikali mwezi wa Julai 2017 kuwa kabila la 44 la Kenya, hawazichezi ngoma hizo peke yao tena. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoasisiwa mwaka 1927, wanafunzi wa Kiafrika nao hushindana katika ngoma za Mashariki, na makofi wanayopigiwa ni mengi. Lakini makofi hayo aghalabu huelekezwa mahali pasipostahili, na msanii asiyepimwa kwa haki hupotea sawa na yule anayedharauliwa. Naamini kwa yakini kuwa sikio lililolelewa na mlio wa litungu, na jicho lililozoea kuona mabega yakitikisika katika ngoma ya kamabeka, tayari lina nusu ya maarifa yanayotakiwa. Nusu iliyobaki ndiyo nitakayojaribu kuieleza hapa.

Kwanza, msomaji wangu, yasahau mavazi. Hariri, wanja, hina na vito vya kichwani hununuliwa kwa siku moja, na kikundi dhaifu kikiwa na fedha chaweza kung'aa kuliko kikundi hodari. Inamisha macho utazame miguu. Mchezaji wa kathak, ngoma ya India ya Kaskazini iliyostawi katika majumba ya watawala wa Lucknow na Jaipur, hufunga kila mguu kamba ya njuga ndogo ndogo mia moja au zaidi, kila njuga ikiwa na fundo lake. Kuziliza zote kwa pamoja si kazi, kwa maana mtoto akirukaruka nazo zitalia. Kazi ni kuzitawala, hata stadi aliyekamilika akapunguza nguvu ya kisigino kidogo kidogo, sauti zikafifia moja baada ya moja, ikabaki kana kwamba ni njuga moja tu inayolia katika ukumbi mzima. Aliyekulia Bungoma akisikia chinyimba za vijana wanaojiandaa kwa jando mwezi wa Agosti hatahitaji maelezo marefu, kwa kuwa anajua kuwa chuma kinachogongwa na mchezaji mwenyewe hakifichi wasiwasi wake.

Sakafu nayo ni shahidi. Ngoma hizi huchezwa peku. Juu ya nyasi za uwanja mguu hauna sauti, na juu ya saruji sauti ipo lakini goti huumia. Kikundi kinachojiheshimu huomba jukwaa la mbao, na kikilikosa hupunguza vishindo kuliko kuyatoa mhanga magoti ya watoto.

Sasa nifike kwenye hesabu, ambayo kwangu ndiyo mizani halisi. Duru ya tintal, iliyo maarufu kuliko zote huko Kaskazini, ina mapigo 16, nayo yamegawanywa mafungu manne ya mapigo manne manne. Mafungu matatu huonyeshwa kwa kofi, na moja, lile linaloanza kwa pigo la tisa, huonyeshwa kwa mkono mtupu unaogeuzwa hewani, na papo hapo ngoma ya kushoto ya tabla hunyamazisha uzito wake ili sikio litambue kuwa nusu ya safari imekwisha. Kusini, duru ya adi ina mapigo manane: manne, kisha mawili, kisha mawili. Hesabu kwa vidole juu ya paja lako, bila haya, kwa kuwa hata wasikilizaji wa Delhi na Chennai hufanya hivyo hivyo. Ukiisha kuishika duru, ingojee tihai, yaani fungu moja la mapigo linalochezwa mara tatu sawasawa, ambalo kishindo chake cha mwisho kabisa sharti kiangukie pigo la kwanza la duru. Hapo hapana nafasi ya kubahatisha. Mchezaji aliyewahi utamwona amesimama akiingoja ngoma imkute. Aliyechelewa huinua mikono kwa madaha ili hadhira isitambue. Na yuko wa tatu, na wa aina yake ni wengi, ambaye mpiga tabla humwonea huruma akampokea popote alipoangukia. Lakini mchezaji aliyefika sawia, mguu wake na tabla vikatua pamoja, amekuonyesha ushahidi wa miaka ya kazi kwa nukta moja, na hapo ndipo pa kupiga makofi.

Wako pia wanaoyatamka mapigo kwa kinywa kabla ya kuyacheza, wakipiga makofi ya duru kwa mikono yao wenyewe. Wasikilize kwa makini zaidi kuliko unavyowatazama. Sijapata kuona mchezaji anayegugumia katika kutamka kisha akawa safi katika kucheza. Na mwendo wa taratibu usikuchoshe: kasi husitiri makosa mengi, ilhali katika duru ya polepole kati ya pigo na pigo pana uwanja mpana ambao mwili usiojua la kufanya hutangatanga.

Ngoma zenyewe, je? Tabla ni mbili: ya kulia ya mbao, ya kushoto aghalabu ya shaba au madini mengine, na katika ngozi ya kila moja pana doa jeusi lililotengenezwa kwa unga wa chuma na wanga, ambalo ndilo linaloipa ngoma mlio wa kuimba. Mpigaji anayestahili jina hilo ataonekana kabla ya onyesho akigonga ukingo wa ngozi kwa nyundo ndogo, ameinamisha sikio, akiilinganisha tabla ya kulia na sauti ya mwimbaji. Na katika jioni za Kitale, pale unyevu na baridi ya Mlima Elgon vinapolegeza ngozi, atarudia kazi hiyo hata katikati ya onyesho. Anayeanza bila kulinganisha mpunguzie alama papo hapo. Kinanda cha mvukuto nacho kina kasoro ya kuzaliwa: vitufe vyake haviwezi kuitelezesha sauti kutoka daraja moja hata jingine kama koo linavyoweza, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Redio ya India ikipige marufuku mwaka 1940, wala isilegeze amri hiyo hadi mwaka 1971. Kwa hiyo sikiliza nani anamfuata nani. Ikiwa sauti ya mwimbaji hupanda ngazi kwa ngazi kama vitufe, kinanda kimemtawala. Ikiwa huteleza na kinanda kikajikongoja nyuma yake kwa adabu, umepata mwimbaji. Mtu anayetaka kulielimisha sikio lake bighairi gharama na aende katika gurdwara za Masingasinga, kama zilizoko Kitale na Eldoret, avue viatu, afunike kichwa, aketi chini na kusikiliza nyimba za ibada zikiimbwa kwa tabla na kinanda. Huko mgeni hupokewa kwa takrima, na chakula huandaliwa kwa wote.

Bharatanatyam ya Tamil Nadu, iliyotoka katika mahekalu na kupandishwa jukwaani kwa juhudi za watu kama Rukmini Devi, aliyeasisi chuo cha Kalakshetra huko Madras mwaka 1936, hupimwa kwa magoti na kwa macho. Mchezaji hushuka nusu ya kuketi, magoti yakafunguka nje, mgongo ukasimama wima. Kila mtu huweza kushuka hivyo mwanzoni. Mwangalie katika saa ya pili ya arangetram, onyesho kamili la kwanza la mwanafunzi mbele ya hadhira, uone kama bado yuko chini au amepanda kidogo kidogo bila kukuaga. Kuhusu uso, mbinu ni kumtazama wakati mstari mmoja wa wimbo unaporudiwa. Mchezaji mchanga huurudia kwa ishara zile zile. Aliyekomaa humwonyesha mama anayemngoja mwana, mara ya pili mama yule yule anayeghadhibika, mara ya tatu anayejifanya hajali, na maneno hayakubadilika hata herufi.

Katika garba ya Wagujarati, inayochezwa kwa usiku tisa wa Navaratri na iliyoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi wa Desemba 2023, hapimwi mtu mmoja. Hupimwa duara, kama litabaki duara pale mwendo unapoongezeka na kama kofi la watu mia litasikika kuwa kofi moja. Bhangra ya Punjab ni ngoma ya wakulima wa ngano, na mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hatakuwa mgeni ndani yake. Dhol yake hupigwa kwa fimbo mbili zisizofanana, nene iliyopinda kwa upande mzito na nyembamba kwa upande mwembamba, na zote mbili sharti zisikike. Mabega nayo hupanda kwa sababu goti limechipua kutoka ardhini. Yakipanda peke yake ni mazoezi ya viungo. Hapa Mbukusu aliyecheza kamabeka anaweza kuhukumu bila kumwuliza mtu.

Ngoma za sinema sizilaani. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua nyimba za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na pwani nzima ilimpenda kwa haki, kwa sababu hakumficha mtu alikozitoa. Kosa ni la kikundi kinachotangaza ngoma za asili katika tangazo lake, kisha kikafungua kanda ya filamu na kuwafuatisha wachezaji wa kwenye kioo. Hilo ni kumdhulumu mtazamaji aliyelipa kiingilio.

Walimu wa shule za Kitale, Saboti na Bungoma mnaowatayarisha watoto kwa tamasha, nawasihi jambo moja: kabla hamjanunua kitambaa cha mavazi, mtafuteni mpiga tabla, mmweke mbele ya watoto kwa muhula mmoja, na muwafundishe kuhesabu 16 kwa mikono yao kabla hawajainua mguu.