Mfalme Aliyesikiliza Siku Sita: Kusadikika na Kipimo cha Utawala Bora

Tulipomaliza kusoma Kusadikika ya Shaaban Robert darasani, mhadhiri wetu alituuliza swali moja: nchi ile ina tatizo gani hasa? Wengi wetu tulijibu kwa haraka kwamba tatizo ni ufalme. Mwenzetu mmoja akasimama akapinga. Alisema tatizo ni mawaziri, kwa kuwa mwishoni mfalme huyohuyo ndiye aliyetenda haki. Tulibishana mpaka kipindi kikaisha.

Katika makala hii ninauendeleza ubishi ule. Hoja yangu ni kwamba Shaaban Robert anatufundisha kuupima mfumo wa siasa kwa matendo yake badala ya jina lake, na kipimo hicho ni sahihi. Hata hivyo, mwisho wa hadithi yake unaonyesha kwamba kipimo hicho kina pengo, na pengo hilo sisi wasomaji wa Uganda tunalifahamu.

Kwanza nikumbushe kisa chenyewe kwa ufupi. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ni hadithi ya nchi iliyoko angani. Karama anashitakiwa kwa sababu anataka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anayemshitaki ni waziri Majivuno, mtu ambaye jina lake linatosha kumweleza. Karama anapata siku sita za kujitetea, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani aliyekwenda mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa mbinguni na Amini ardhini. Kila mmoja alikwenda kwa manufaa ya nchi, akapata taabu, akarudi na mashauri ya namna mambo yanavyoendeshwa kwingine. Malipo yao yakawa kifungo. Mwishoni mfalme anashawishika, Karama anaachiliwa na wajumbe wanatolewa gerezani.

Tukichunguza jinsi kitabu kinavyoihukumu Kusadikika, tunaona kwamba hakihangaiki na namna mfalme alivyokipata kiti chake. Kinauliza maswali ya matendo. Je, mshitakiwa anasikilizwa? Aliyeleta habari mpya anafanywa nini? Sheria inajulikana na nani? Shitaka la Karama peke yake ni ushahidi tosha, maana nchi inayofanya ufundishaji wa sheria kuwa kosa imekwisha kujieleza. Sheria inayojulikana na watawala tu haina tofauti na kiboko mkononi mwa mchungaji: ng'ombe huijua ikiwa imekwisha kutua mgongoni.

Nakiri kwamba nilipofika kwa mjumbe wa nne nilichoka. Safari zinafanana, kurudi kunafanana, kifungo kinafanana. Nilitaka kuruka kurasa. Baadaye nikaona kwamba kurudiarudia huko ndiko kunakobeba hoja. Mjumbe mmoja akifungwa, tunaweza kusema ni bahati mbaya au ni chuki ya waziri mmoja. Wakifungwa sita, hiyo ni desturi ya nchi. Mwandishi anatutaka tuone kwamba ubaya wa utawala hujulikana kwa mambo yanayojirudia, hata pale ambapo kila tukio limepewa sababu yake nzuri.

Wahakiki wa mkondo wa Kimarx wamemlaumu Shaaban Robert kwamba anakemea watu wabaya na kuuacha ufalme wenyewe ukiwa salama. Lawama hiyo ina ukweli, lakini tukumbuke aliandika wapi na lini. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, naye alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Waingereza walijivunia Bunge lao kule London, wakati huku Tanganyika mwananchi alitawaliwa na gavana ambaye hakumchagua. Jina zuri la mfumo lilikuwepo, ila halikumfikia mtu wa Tanga. Kwa mwandishi aliyeishi ndani ya hali hiyo, kuuliza “mfumo huu unaitwaje?” kusingemsaidia. Kuuliza “mfumo huu unamtendea nini mtu anayesema kweli?” kulimsaidia sana.

Historia ya nchi yangu inampa haki katika jambo hili. Tangu uhuru wa mwaka 1962 Uganda imevaa karibu kila vazi la siasa. Tuliwahi kuwa na Kabaka wa Buganda akiwa Rais na Obote akiwa Waziri Mkuu. Katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote, tukawa jamhuri tupu. Mwaka 1971 wakaja wanajeshi na Idi Amin. Desemba 1980 tukapiga kura ya vyama vingi. Tangu mwaka 1986 tukawa na mfumo wa Movement usioruhusu vyama kushindana, ukathibitishwa kwa kura ya maoni ya mwaka 2000, na kwa kura nyingine ya maoni ya mwaka 2005 tukarudi kwenye vyama vingi. Vita vya Luweero, vilivyoua raia wengi mno, vilipiganwa wakati nchi ina Bunge lenye vyama zaidi ya kimoja. Mtu anayepima kwa majina ya mifumo angeandika kwamba miaka ile ilikuwa ya demokrasia.

Bibi yangu, ambaye sisi humwita jajja, ni mtu wa Luweero. Ukimwuliza habari za serikali hakutajii vyama. Anasema, “Mjukuu wangu, sasa tunalala.” Waganda wengi wa umri wake husema hivyo. Kuna vijana wenzangu wanaolicheka neno hili na kuliona ni woga wa wazee. Mimi silicheki. Jajja amewahi kulala porini na watoto mgongoni, na anapopima serikali kwa usingizi anafanya alichofanya Shaaban Robert: anaangalia mfumo unamtendea nini. Hicho ni kipimo cha utawala bora, hata kama hakina jina la kitaalamu.

Lakini siku moja nilimwuliza, “Jajja, na siku serikali isipotuacha tulale, tutamwambia nani?” Alicheka, akasema niwaulize hao wanaonifundisha chuoni.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye mwisho wa Kusadikika. Haki inapatikana, ndiyo, lakini inapatikana kwa sababu sikio la mtu mmoja limefunguka. Tuseme mfalme angekuwa na homa siku ile, au Majivuno angekuwa fasaha kuliko Karama. Wajumbe sita wangebaki gerezani na hadithi ingekuwa ileile, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Hata kama mashauri ya wajumbe yatafuatwa tangu siku hiyo, yatafuatwa kwa kuwa mfalme ameridhika. Atakayekuja kukalia kiti hicho baada yake anaweza asiridhike, na mjumbe wa saba hana uhakika wowote.

Pengo la kipimo, basi, ni hili. Tukiuliza tu “je, utawala huu ni mwema leo?” tunaweza kumpa alama sawa mfalme mwema na serikali inayoweza kurekebishwa. Leo wanafanana. Watakapokosea, watatofautiana.

Benki ya Dunia nayo hupima utawala wa nchi kwa vigezo ambavyo, kwa bahati, ni sita kama wajumbe wa Karama: sauti ya wananchi na uwajibikaji, utulivu wa kisiasa, ufanisi wa serikali, ubora wa kanuni, utawala wa sheria, na udhibiti wa rushwa. Hakuna hata kimoja kinachouliza kama nchi ni ufalme au jamhuri, na katika hilo Shaaban Robert angekubaliana nao. Ila vigezo vinapowekwa pamoja kama mafungu ya sokoni, mtu hushawishika kufidia kimoja kwa kingine: barabara ni nzuri, basi tuvumilie kwamba hatuwezi kuuliza. Mimi naona kigezo cha kwanza hakifai kuwekwa fungu moja na vingine, kwa sababu ndicho kinachovirudisha vingine vinapopotea.

Nitoe mfano wa karibu. Katika Uganda ngazi ya chini kabisa ya utawala ni baraza la kijiji, LC1, na mwenyekiti wake ndiye mwenye muhuri. Barua ya utambulisho, mauzo ya kiwanja, ugomvi wa mpaka, vyote hupita kwake. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2001, uchaguzi mwingine wa wenyeviti hao haukufanyika hadi Julai 2018. Kwa miaka 17 muhuri ulikaa mikononi mwa watu walewale. Mwenyekiti wa kijiji chetu alikuwa mtu mwema, na barua yake ulipewa hata usiku. Kijiji cha jirani barua ilikuwa na bei, na asiye na hela alizungushwa wiki nzima. Ukipima utawala wa siku moja, kijiji chetu kilifaulu na cha jirani kilishindwa. Kwa kweli vyote viwili vilikuwa katika hali moja, sisi tukiwa na bahati na wao wakiwa hawana. Mwaka 2018 watu walipanga mistari nyuma ya wagombea. Wa kwetu alibaki. Wa jirani aliondolewa, na mpya wake si malaika, lakini bei ya barua ilishuka.

Juu kabisa mambo yalikwenda kinyume. Katiba ya mwaka 1995 iliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2005, mwaka uleule tuliorudishiwa vyama vingi. Ukomo wa umri wa miaka 75 nao ukaondolewa mwaka 2017. Jina la mfumo lilipanda cheo, na mlango wa kuurekebisha ukawa mwembamba zaidi.

Mtu anaweza kunipinga kwamba kura peke yake haileti utawala mwema, na kunikumbusha uchaguzi wa mwaka 1980, ambao matokeo yake yalipingwa na vita vikafuata. Nakubali. Kura ni mlango mmoja. Mahakama inayosikiliza ni mlango mwingine, gazeti linaloandika bila hofu ni mwingine, na raia anayejua sheria ni mwingine. Nikilifikiri hilo, naona Shaaban Robert ametupa zaidi ya tulichokiona darasani. Sisi tulitafuta jibu lake katika hukumu ya mfalme, kumbe limo katika shitaka. Karama hakushitakiwa kwa kuomba mfalme mwema. Alishitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, ili mnyonge asitegemee sikio la mkubwa peke yake. Majivuno alilielewa hilo kabla yetu, na ndiyo maana aliogopa.

Kwa kuhitimisha, mwenzetu aliyesimama darasani alikuwa sahihi kwamba jina la ufalme halitoshi kuihukumu Kusadikika. Sisi wengine nasi hatukukosea kabisa, kwani tulihisi kwamba wema wa mfalme ni dhamana dhaifu. Mfumo tuupime kwa matendo yake, na miongoni mwa matendo hayo tuhesabu kwanza namna unavyopokea kusahihishwa. Jajja bado ananidai jibu. Likizo ijayo nitamsimulia habari za Karama, nianzie kwenye lile shitaka, kisha nimsikie atasema nini.