Mgongo wa Kadi

Jamani! Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, mcheza besiboli wa New York Yankees, iliuzwa dola milioni 12.6. Karatasi ngumu tu ya mwaka 1952, watoto wa Marekani walikuwa wanainunua pamoja na chingamu. Sy Berger, mmoja wa walioibuni pale Topps, alisimulia kwamba mwaka 1960 aliyatosa masalia baharini. Zikaadimika, bei ikapaa. Sawa. Mimi kinachoniuma ni mgongo wake: wasifu wa mchezaji, mistari michache iliyobanwa kwelikweli, na aliyeiandika hatajwi. Siku hizi inafungiwa ndani ya plastiki, wakaguzi wanaipa maksi kwa kona zake. Yule mtoto aliyeisoma mpaka kona zikajikunja, ya kwake ndiyo inayoshushwa maksi!