Alama Iwekwe Njia Panda: Jinsi ya Kutoka Kwenye Mapango ya Minecraft

Mchezaji wa Minecraft anayepotea pangoni mara nyingi hakosi mwanga. Mienge anayo, ameibandika kila alipopita, na nyuma yake pango zima linawaka. Shida inaanza anapogeuka ili arudi, kwa sababu kila upande unawaka vilevile. Mienge inamthibitishia kuwa alishafika pale, lakini haimwambii alitokea wapi. Ushauri mwingi wanaopewa wachezaji wapya unaishia kwenye kuwasha taa. Kuacha alama ni kazi nyingine, na tangu toleo la 1.18 lilipotoka tarehe 30 Novemba 2021, kazi hizo mbili zimeachana. Anayetaka kurudi na almasi zake inampasa aache kubandika mienge ukutani ovyo, aanze kuweka alama kwenye njia panda, tena alama yenye mwelekeo.

Tuanze na mapango ya zamani, maana mazoea yetu yametoka huko. Programu ya mchezo iliyachimba kwa utaratibu unaoeleweka. Iliteua mahali pa kuanzia ndani ya mwamba, kisha ikatoboa hatua kwa hatua, ikipinda kidogo huku na huku, ikipanda au kushuka. Njia moja ilikwenda hatua kati ya 85 na 112, ikaishia hapo. Ikiwa ilikuwa pana vya kutosha, ilifika mahali ikagawanyika, tawi moja kushoto na jingine kulia, kila moja likikata kona ya nyuzi 90. Matawi hayo yalikuwa membamba mno kugawanyika tena. Wakati mwingine kilitangulia chumba cha mviringo, na njia kadhaa zikaanzia humo. Basi, hakuna zaidi. Lile tulilokuwa tukiliita pango kubwa lilikuwa njia nyingi fupi zilizokatana kwa bahati tu, na kila moja ilikuwa na mwanzo na mwisho wake.

Katika pango la namna hiyo, kanuni ya mkono wa kulia ilitosha. Ukiingia, mienge yote bandika ukuta wa kulia. Ukirudi, hakikisha yote iko kushoto kwako. Naipenda sana kanuni hii. Kwa kitu kile kile kimoja, bila kibao wala maandishi, inakuonyesha mwelekeo. Tena ukijikuta unadhani unazidi kuingia ndani huku mienge iko kushoto, umeshajua kuwa umezunguka na kuangukia njia yako mwenyewe ukiwa umegeuka. Wachezaji wengi huuona mwenge huo wa kushoto, wakashangaa kidogo, wakaendelea na safari. Hapo ndipo pa kusimama.

Kanuni ilisaidiwa pia na hesabu ya mwanga. Mwenge hutoa mwanga wa kiwango cha 14, na kiwango hicho hupungua kwa 1 kwa kila bloku unayosogea mbali nao. Zamani majini walizaliwa penye mwanga wa 7 kushuka chini. Kwa hiyo katika njia nyembamba iliyonyooka, nafasi kati ya mwenge na mwenge haikuweza kuzidi bloku 12 bila kuacha kipande cha hatari katikati. Mchezaji aliyejali usalama wake alilazimika kuacha mienge iliyokaribiana, na msururu wa alama ukajitokeza wenyewe bila yeye kuukusudia. Toleo la 1.18 lilibadilisha sharti hilo: sasa majini huzaliwa pale tu ambapo mwanga wa taa ni 0. Nafasi salama katika njia ile ile imefika bloku 26. Mienge inayohitajika imepungua zaidi ya nusu, jambo jema kwa mfuko wa makaa, lakini msururu umekatika. Njia ikipinda mara mbili, ukiwa kwenye mwenge mmoja huuoni unaofuata.

Na wakati huohuo mapango yenyewe yakabadilika. Sakafu ya dunia ilishushwa kutoka 0 hadi -64 na dari ikapandishwa kutoka 256 hadi 320. Uchimbaji wa zamani haukuondolewa. Juu yake yaliongezwa mapango ya aina nyingine, ambayo watengenezaji wenyewe waliyapa majina ya vyakula: jibini na spageti. Henrik Kniberg, aliyeshughulikia kazi hiyo huko Mojang, ameieleza hadharani. Msingi wake ni mbinu ambayo Ken Perlin, Mmarekani, aliichapisha mwaka 1985: kila nukta ndani ya mwamba hupewa namba, na namba hizo hupanda na kushuka taratibu unaposogea, bila kurukaruka. Pale namba inapovuka kikomo fulani, mwamba unageuka hewa, na hapo unapata ukumbi mkubwa wa jibini. Spageti hupatikana kwa kufuata mpaka, mahali namba zinapovuka kutoka hasi kwenda chanya, na matokeo yake ni njia ndefu zinazojisokota.

Katika utaratibu huu hakuna aliyechimba kutoka hapa kwenda pale. Pango limetokea kila mahali kwa mara moja. Njia inaweza kuzunguka na kurudi ilikoanzia, na kumbi mbili zinaweza kuunganishwa na njia nne, moja ikipita juu ya nyingine. Ndiyo maana ule ushauri wa kushika ukuta mmoja mpaka utokee nje haufai tena. Ni ushauri wa kweli kwa mzingile ambao kuta zake zote zimeungana. Kumbi za jibini zina nguzo za mwamba zilizosimama toka sakafuni hadi darini. Ukiishika nguzo gizani ukidhani ni ukuta, utaizunguka hadi chakula kikuishie.

Kuna kanuni iliyobuniwa kwa mizingile yenye mizunguko, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1882 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas aliiandika kitabuni akimtaja Trémaux kuwa ndiye mwenye wazo. Kila unapoingia njia, acha alama mdomoni mwake. Ukifika njia panda mpya, chagua njia isiyo na alama. Njia mpya ikikutoa kwenye njia panda uliyokwisha kufika, rudi nyuma, uihesabu njia hiyo kuwa imekwisha. Njia yenye alama mbili usiiguse tena. Uzuri wa kanuni hii uko katika jambo moja: wakati wowote, popote ulipo, njia zenye alama moja tu zinaunda mstari kutoka ulipo hadi ulipoanzia. Huhitaji kukumbuka chochote. Mwamba ndio unaokumbuka.

Trémaux hakusema ni mdomo upi kati ya yenye alama moja unaoelekea nyumbani ukiwa umesimama katikati ya njia panda, na hapo ndipo mkono wa kulia unaporudi kazini. Tazama mfano. Uko kina cha -38, ndani ya jiwe jeusi la chini. Umetokea kaskazini, na mbele yako kuna midomo mitatu: wa mashariki una kimo cha bloku mbili tu, wa magharibi unateremka, wa kusini umeinuka kidogo. Kabla ya kuchagua, geuka. Mdomo uliotokea uwekee mwenge kwenye ukuta uliokuwa kulia kwako ulipokuwa unaingia, yaani wa magharibi. Sasa simama katikati, utazame kaskazini: mwenge uko kushoto mwa mdomo. Kisha ingia mashariki, ukibandika mwenge kulia, kwenye ukuta wa kusini. Ukitazama kutoka katikati ya njia panda, mwenge huo uko kulia mwa mdomo wake. Njia ya mashariki inaishia kwenye chuma kidogo. Kichimbe, rudi, uzibe mdomo kwa mawe mawili yaliyopandana. Hiyo ndiyo alama ya pili. Halafu magharibi, kwa utaratibu uleule.

Ukifanya hivi kila mahali, kila njia panda itakuwa na mdomo mmoja tu wenye mwenge kushoto, na huo ndio wa nyumbani. Kulia ni kule ulikoendelea. Penye mawe pamekwisha. Pasipo kitu hujapafika. Mchezaji anayekimbizwa na Creeper, mwenye mioyo miwili iliyobaki, anaweza kuzisoma alama hizi bila kusimama.

Kuhusu mawe yenyewe, beba yale ya kijivu kutoka juu. Ukishavuka 0 kwenda chini, sururu yako itakupa mawe meusi, na jiwe jeusi juu ya ukuta mweusi halionekani.

Kanuni ina maadui watatu. Wa kwanza ni mteremko. Trémaux alidhani kila njia inapitika pande zote mbili. Katika Minecraft mchezaji anaruka bloku moja tu kwenda juu, kwa hiyo ukishuka ukingo wa bloku mbili tu, umeshaigeuza njia kuwa ya upande mmoja, tena bila kuumia, na ndiyo maana watu hawalitambui hilo. Kabla ya kushuka, tengeneza njia ya kupandia: ngazi, vidato vya mawe, au ndoo ya maji, kwani maji yanayomiminika unaweza kuyapanda kwa kuogelea.

Adui wa pili ni hayo hayo maji. Toleo la 1.18 lilileta maji ya ardhini ndani ya mapango, na maji yanayotiririka hung'oa mwenge pale ulipo. Bloku ya jiwe haing'oki. Penye unyevu, alama iwe jiwe. Wa tatu ni machimbo yaliyoachwa, yale yenye mbao na reli. Machimbo hayo huzaliwa na mienge yake. Ukiyaingia kwa kutegemea mienge mitupu, utafuata alama za mtu ambaye hajawahi kuwepo. Humo kila mwenge wako ukae juu ya jiwe moja lililowekwa sakafuni. Mienge ya machimbo haikai hivyo.

Kumbi za jibini zinataka uamuzi mmoja tu: ukumbi mzima uhesabu kuwa njia panda moja, hata ukiwa na upana wa bloku themanini. Usianze kuzurura katikati. Kwenye mdomo uliotokea, jenga mnara wa mawe wenye mwenge juu, mrefu wa kutosha kuonekana kutoka upande wa pili, kisha zunguka ukitafuta midomo mingine, ukikumbuka kuwa mingine iko darini.

Wapo wanaouliza kwa nini tusifungue tu namba za X, Y na Z kwa kitufe cha F3, au kwa kuziwasha kwenye mipangilio ya matoleo ya simu. Zifungue. Sioni udanganyifu wowote hapo, na namba za mlango wa pango ziandikwe kabla ya hatua ya kwanza. Lakini namba zinakueleza mlango uko wapi, hazikuelezi njia ya kuufikia. Dira ni dhaifu zaidi: ya kawaida huelekeza mahali mchezo ulipokuzalia mara ya kwanza, si kitandani kwako, na haijui juu wala chini. Ramani nayo huchora uso wa nchi peke yake. Linabaki suala la kuchimba ngazi moja kwa moja hadi juani. Almasi huongezeka kadiri unavyokaribia chini, kwa hiyo wengi hufanyia kazi karibu na -54, ambapo lava huanza kujaa. Kutoka hapo hadi usawa wa bahari, 63, ni vidato 117, na karibu nusu yake ni jiwe jeusi ambalo huchukua muda mara mbili ya jiwe la kawaida kuvunjika. Inawezekana, na kuna siku italazimu. Ila aliyeweka alama zake vizuri atakuwa ameshafika nyumbani.

Mahali pamoja tu panabatilisha mwenge wenyewe, nako ni giza la kina lililoingizwa na toleo la 1.19 mnamo Juni 2022. Huko majini wa kawaida hawazaliwi, kwa hiyo mwanga haukukingi na lolote. Hatari ni sauti. Vihisi vya sculk husikia hatua, husikia bloku ikivunjwa, na husikia mwenge ukibandikwa. Ukivistua mara kadhaa anaamka Warden, na huyo hapigani kwa usawa na mtu yeyote. Kinachowekwa bila kusikika ni sufi. Kwa hiyo alama za giza la kina ziwe bloku za sufi nyeupe, ambazo zinaonekana vizuri juu ya ile buluu iliyokolea ya sculk. Zipange sakafuni kwa utaratibu uleule: kulia mwa kila mdomo unaouingia, na mbili zilizopandana kwa mdomo uliokwisha. Tembea umeinama, na kondoo wanyolewe kabla ya kushuka.