Nani Aliyekataa? Uhakiki wa Lugha ya Mutt katika Kueleza Makosa

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuitazama riwaya, tamthilia na shairi, na kuiacha nathari ya maelekezo kana kwamba hiyo si lugha. Kijitabu cha dawa, fomu ya kodi na ujumbe wa mashine husomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote, na msomaji akivielewa vibaya hudhurika kwa njia ambayo msomaji wa diwani hadhuriki. Hapa panachunguzwa matini moja ya aina hiyo, yaani lugha ya Mutt, ambayo ni programu ya barua pepe inayotumia maandishi matupu, bila picha wala kipanya.

Mutt iliandikwa na Michael Elkins mwaka 1995, katika ulimwengu uliokwisha kuzoea Elm ya Dave Taylor na Pine ya Chuo Kikuu cha Washington. Kauli yake mashuhuri ni kwamba programu zote za barua pepe ni mbovu, nayo imepunguza ubovu tu. Ni nadra mtunzi kuanza kwa kukiri hivyo, na ukweli wa namna hiyo unaonekana katika sehemu nyingi za kazi yenyewe. Mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua, Mutt inaweza kuendeshwa juu ya seva ya mbali, na kinachosafiri hadi kwa mtumiaji kikawa herufi tu. Kwa mwalimu aliye mbali na mji jambo hilo si dogo. Kwa hiyo swali la iwapo anaweza kuielewa inapomgomea si swali la anasa.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba matini hii ina waandishi wawili. Programu zenye madirisha humpa mtumiaji vifungo vilivyokwisha kuandikwa. Mutt humpa ukurasa mtupu, yaani faili liitwalo.muttrc, na kumtaka aandike mwenyewe. Mfano wa mistari ya mwanzo ni huu:

set folder = "imaps://barua.example.org/"
set spoolfile = "+INBOX"
set smtp_url = "smtp://juma@barua.example.org:587/"

Mstari wa kwanza wataja shina la masanduku, nayo imaps humaanisha kwamba mazungumzo yatafichwa tangu neno la kwanza, aghalabu kupitia mlango wa 993. Wa pili wataja sanduku la barua zinazoingia, ambapo alama ya kujumlisha husimama badala ya shina lililotajwa juu. Wa tatu wahusu kupeleka. Mashine husoma kuanzia juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, na kila amri hutekelezwa palepale inapofikiwa. Haya ni masimulizi yenye wakati wake, wala si orodha, na wengi wanaoshindwa na Mutt hushindwa kwa sababu huiandika kama orodha.

Mfano ulio wazi ni folder-hook, amri inayosema kwamba mtu aingiapo sanduku fulani, jambo fulani lifanywe. Anayeanza hudhani kwamba akitoka katika sanduku hilo mambo yatarudi yalivyokuwa. Hayarudi. Mwalimu aliyeagiza barua za kazini zipangwe kwa mkufu, kisha akahamia sanduku la nyumbani, atakuta nazo zimepangwa hivyohivyo. Dawa yake ni kutanguliza folder-hook yenye nukta, inayolingana na kila sanduku na kuirudisha hali ya kawaida, ndipo zile mahususi zifuate. Kwa lugha ya sarufi, mtumiaji alitarajia kitendo cha mazoea, cha hu-, naye amepewa cha -me-: jambo limetendeka na athari yake ingalipo.

Lakini ubora au udhaifu wa matini hii huonekana zaidi pale mwandishi wa pili, yaani mashine, anapojibu. Chukuliwe mtumiaji aliyeandika neno lake la siri hivi:

set imap_pass = mvua#ya7

Mutt itaifungua seva, itajitambulisha, kisha itatangaza kwa Kiingereza chake cha maneno mawili kwamba kuingia kumeshindwa. Mtumiaji atalichungulia neno lake, aone ni sahihi, aliandike tena, ashindwe tena. Ukweli ni kwamba alama ya # isiyozingirwa na vinukuu huanzisha maoni katika .muttrc, na yote yanayoifuata hupuuzwa. Seva imepokea neno mvua, ikalikataa kwa haki. Mtumiaji yuko sahihi, seva iko sahihi, na Mutt imetii sheria zake yenyewe. Tiba yake ni vinukuu kimoja kimoja kila upande, au kutoliandika neno hilo kabisa na kuiacha programu iliulize. Vinukuu viwili viwili vingalitosha kwa #, lakini si kwa alama ya dola, ambayo ndani yake huendelea kufasiriwa.

Ujumbe ule haukusema uongo. Kosa lake ni kuficha mtenda. Kuingia kumeshindwa: na nani? Kiingereza cha mashine kimejenga mtindo mzima juu ya sentensi za namna hii, zisizotaja mtenda, na wasomaji wake wamezoea kutouliza. Mfasiri wa Kiswahili hana ruhusa hiyo. Kitenzi cha Kiswahili hudai kiambishi cha nafsi au cha ngeli, na kauli yake hudai uamuzi. Akiandika "umekataliwa", amesema kwamba yuko aliyekataa. Akiandika "imeshindikana", amesema kwamba hali yenyewe haikuwezekana. Haya si maneno mawili ya maana moja. La kwanza lamwelekeza mtumiaji kwenye neno la siri na idhini. La pili lamwelekeza kwenye waya, mtandao na saa.

Tofauti hii ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka hufundishwa katika kila kitabu cha sarufi, na aghalabu huishia hapo. Katika ujumbe wa makosa huwa chombo cha uchunguzi. Muunganisho uliokatika na muunganisho uliokatwa huonekana sawa kwenye skrini ya Kiingereza. Uliokatika wataka subira, au kuongezwa kwa muda wa kungoja. Uliokatwa ni uamuzi wa seva, na subira haitafaa kitu. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Google iliacha kuziruhusu akaunti za watu binafsi kuingia kwa jina na neno la siri la kawaida kupitia programu za watu wengine. Microsoft nayo ilianza kuzima njia kama hiyo katika Exchange Online mwezi Oktoba 2022. Watumiaji wa Mutt ambao hawakuwa wamegusa faili lao kwa miaka waliamka na kukuta kuingia kumeshindwa. Wengi walilitafuta kosa ndani ya .muttrc, ambamo halikuwamo. Ujumbe uleule uliotumika kwa alama ya # ulitumika kwa sheria mpya ya kampuni. Walichohitaji wa Google ni neno la siri la programu, litolewalo baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, au njia ya OAuth ambayo Mutt huifikia kwa msaada wa hati ya nje. Wale wa Microsoft walibakiwa na njia hiyo ya pili.

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili nacho kina hila zake, nao hawakosei. Mtoto aliyeangusha kikombe husema "kikombe kimevunjika", na mama huelewa mara moja kwa nini hakusema "nimekivunja". Kauli ya kutendeka ni kimbilio la mkosaji tangu zamani, na mfasiri mvivu anaweza kuitumia kila mahali, akawa amerudisha giza lilelile la Kiingereza kwa viambishi vya Kibantu. Hata hivyo mama yule hasikii giza. Anasikia kwamba amefichwa kitu, kwa sababu lugha yake ina namna ya pili ya kusema na mtoto hakuichagua.

Ujumbe mwingine wa Mutt unastahili lawama kali zaidi. Mtumiaji akiandika set smtp_url katika Mutt iliyojengwa bila uwezo wa kupeleka barua kwa SMTP, huambiwa nambari ya mstari, jambo jema sana, kisha huambiwa kwamba kigeu hicho hakijulikani. Huyo hudhani amekosea tahajia. Ataitazama herufi kwa herufi na hataona kosa, kwa kuwa halipo. Kigeu kinajulikana na kimeelezwa katika mwongozo. Ila nakala hii haikujengwa nacho. Amri mutt -v ingemwonyesha mara moja, kwa kuwa huorodhesha kilichotiwa na kilichoachwa wakati wa kujenga. Lakini ujumbe haumwelekezi huko. Hapa kuna tofauti ya kutojua na kutokuwa nacho, ambayo hata mwenye duka kijijini huiheshimu: hasemi "sukari siijui" anapotaka kusema imekwisha.

Kuhusu kutokuwapo, Kiswahili kina utajiri ambao watunga istilahi hawajautumia. Halipo, haliko na halimo ni majibu matatu. Mutt ikitafuta sanduku ndani ya seva na kulikosa, sanduku halimo. Ikitafuta faili katika njia iliyotajwa barabara na kulikosa, faili halipo. Ikilitafuta jina la seva yenyewe isipate anwani yake popote, seva haiko. Msomaji aliyeambiwa "halimo" anajua tayari kwamba mlango ulifunguliwa na aliyetafuta aliingia ndani. Hana haja ya kushuku neno la siri wala mtandao. Silabi moja imeondoa nusu ya maswali.

Kwa muda mrefu mjadala wa Kiswahili na kompyuta umekuwa mjadala wa nomino: kompyuta au tarakilishi au ngamizi, nywila au neno la siri. Hata mwaka 2004, wakati mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, kazi iliyostahili sifa kwa kuthibitisha kwamba jambo hilo lawezekana, wengi waliuliza kwanza neno lipi limechaguliwa. Nomino hukopeka. Seva imekopwa na haijamdhuru mtu. Mzigo wa ujumbe wa kosa umo katika kitenzi, na vitenzi vya Kiswahili havihitaji kamati.

Liko pia suala dogo la tahajia ambalo linawahusu waandishi wa Kiswahili moja kwa moja. Lugha hii huandikwa kwa herufi ambazo mashine za kale zilizijua zote, na kwa sababu hiyo husemwa kwamba haina matatizo ya usimbaji. Si kweli kabisa. Programu za kuandikia hati hugeuza kitone cha juu cha ng' kuwa kile kilichopinda, ambacho hakimo katika seti ile ya kale. Mtu akikinakili katika barua yake, na mpokeaji akaifungua katika Mutt ambayo mazingira yake hayakuwekwa kwa UTF-8, ataona hivi:

ng\342\200\231ombe

Hizo ni baiti tatu za alama moja, zimeandikwa kwa namba za msingi wa nane. Wengi hukimbilia kuandika set charset katika .muttrc, hatua ambayo mara nyingi huficha ugonjwa badala ya kuutibu. Kosa liko nje ya Mutt, katika LANG au LC_CTYPE ya mfumo, na likirekebishwa huko, kwa mfano kwa sw_KE.UTF-8, ng'ombe hurejea zizini. Vinukuu vilivyopinda ni balaa zaidi vinaponakiliwa ndani ya .muttrc yenyewe, kwa kuwa Mutt haivitambui kuwa vinukuu.

Mutt imefasiriwa kwa lugha nyingi, zikiwamo Kibaski, Kiayalandi na Kiesperanto. Kiswahili hakimo. Atakayeianza kazi hiyo atakutana na ugumu ambao nomino wala kitenzi peke yake hakitautatua. Jumbe nyingi zina tundu ambalo mashine hutia jina baadaye: kitu fulani hakipo. Kiingereza hakijali ni kitu gani. Kiswahili hakiwezi kusema "-po" kabla ya kujua kama ni sanduku, folda au ufunguo, na kuhusu faili wenyewe hawajakubaliana, wengine wakisema halipo na wengine haipo. Njia salama ni kulitanguliza jina la aina ya kitu, likatawala upatanisho, kisha tundu lifuate: sanduku liitwalo fulani halimo. Sentensi hurefuka, na mstari wa chini wa skrini ya Mutt ni mmoja tu.

Vivyo hivyo mtu anapofunga sanduku, Mutt humpa hesabu ya barua zilizobaki na zilizofutwa, kwa umbo moja la sentensi, iwe ni barua 1 au 300. Ikifasiriwa "1 zimefutwa" itamkera kila aliyefika darasa la tatu. Hapa mfasiri anaweza kuiga daftari la mahudhurio ya shule, ambamo kichwa cha safu husema waliofika, na chini yake mwalimu huandika namba yoyote, hata moja, bila mtu kulalamika. "Zilizobaki: 12. Zilizofutwa: 1." Ni umbo kavu, lisilo na kitenzi kikuu, nalo linatosha katika mstari mmoja.